Chembe kinapolaumiwa: kutafuta kosa la mshale kabla ya kumkabili mnyama mkubwa

Nimefanya kazi misimu kadhaa katika vitalu vya uwindaji upande wa Liwale, kusini mwa Tanzania. Nilianza nikiwa mbeba mizigo, nikawa mfuatiliaji nyayo, mwisho nikawa yule mtu anayeitwa kila kitu kinapoharibika: jenereta, pampu ya maji, zipu ya hema, na siku hizi upinde wa mgeni aliyekuja kuwinda. Lalamiko la upinde huwa moja. Mgeni anarudi jioni, anafungua podo, anatupa mshale mezani na kusema vyembe hivi havifai.

Mara nyingi vinafaa. Chembe kiko mbele, ndicho kinachoonekana, kwa hiyo ndicho kinachobeba lawama ya wano, ya gundi, ya upote na ya mkono uliovuta. Ukinunua vingine bila kutafuta kosa, utapata vyembe vipya vyenye ugonjwa ule ule. Tena huku kwetu huwezi kukimbilia dukani. Lindi na Mtwara sijamwona anayeuza vyembe vya upinde wa kisasa. Kilichokuja kwenye begi la mgeni ndicho kilichopo mpaka safari iishe. Kwa hiyo lazima ujue kuulizana na mshale.

Tuelewane kwa majina. Chembe ni kile kichwa cha chuma chenye makali. Nyembe ni yale mabapa yake ya kukatia, mawili, matatu au manne. Wano ni mti wa mshale, hata kama siku hizi ni wa kaboni. Chembe kigumu nitakiita kile ambacho nyembe zake hazichezi. Chembe cha kukunjuka ni kile kinachoruka nyembe zikiwa zimefumbwa, zikafunguka kikigonga. Chembe cha mazoezi ni ile ncha ya mviringo isiyo na makali. Uzito wa vyembe hupimwa kwa greni, na greni 100 ni kama gramu 6.5.

Na kabla ya yote, karatasi. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuwinda bila leseni, na mshale wa sumu ni marufuku. Kama unataka kuwinda kwa upinde, jambo hilo limalizwe na TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, kabla mizigo haijapakiwa, si porini mbele ya askari wanyamapori.

Mshale wa mazoezi unapiga katikati, wa chembe unakwenda pembeni

Hii ndiyo kesi ninayoletewa kuliko zote. Mgeni amepiga gunia siku nzima kwa ncha za mazoezi, mishale inagusana. Anafunga vyembe, mshale unakwenda kiganja kizima kushoto. Hitimisho lake: chembe kimepinda.

Sababu iko nyuma zaidi. Nyembe za mbele ni mabawa. Mshale ukitoka kwenye upinde umekaa upande hata kidogo, ncha ya mviringo haijali, manyoya ya mkiani yatauvuta ukae sawa. Lakini ukiweka mabawa mbele, yanashika upepo na kuupeleka kule ulikoelekea tangu mwanzo. Chembe hakikuleta kosa, kimelitangaza tu.

Dawa yake: simama hatua 20, piga mishale mitatu ya mazoezi na mitatu ya vyembe kwenye alama moja. Usipige mmoja mmoja ukaamini, mkono hudanganya. Kama vyembe vimejikusanya kushoto mwa mazoezi, sogeza kiegemeo cha mshale kulia, yaani kutoka kwenye kundi la vyembe kuelekea kundi la mazoezi. Vikiwa chini, pandisha kiegemeo. Sogeza milimita moja tu, kisha piga tena. Watu huharibu hapa kwa haraka: wanasogeza milimita tano, mishale inahamia upande wa pili, wanaanza kuapa.

Ukisogeza na makundi yakakataa kukutana, tazama ugumu wa wano. Namba iliyoandikwa ubavuni, kama 340 au 400, inaonyesha linavyopinda likining'inizwa uzito: namba ndogo, wano gumu. Na ukiongeza uzito wa chembe, wano lile lile hulegea zaidi wakati wa kuruka. Mgeni mmoja alifanya mazoezi nyumbani kwa ncha za greni 100, akaja na vyembe vya greni 200 kwa sababu ameambiwa nyati anataka uzito. Hakubadilisha mawano. Mishale yake ilikuwa inaogelea kama mkunga. Tulimrudisha kwenye vyembe vyepesi, nyati akaachwa, akawinda swala pala.

Msikae mkasahau gunia lenyewe. Chembe hukata gunia la korosho likawa matambara kwa asubuhi moja, na ukipiga kwenye kichuguu au mchanga makali yanakufa. Tunatumia vipande vya godoro la sponji vilivyobanwa kwa kamba, tabaka juu ya tabaka. Chembe cha kupimia kitenge, kitie alama ya rangi, usikipeleke porini.

Mshale unatetemeka ukizungushwa

Simamisha mshale kwa ncha yake juu ya meza ya kioo au kifuniko cha sufuria, uzungushe kama pia. Ukiona maungio ya chembe na wano yanayumba, kuna kitu hakijanyooka. Swali ni kipi. Fungua chembe, kifunge kwenye mshale mwingine unaojua ni mzima. Ugonjwa ukihama nacho, chembe kimepinda. Kitupe, usijaribu kukinyoosha kwa plaizi. Ugonjwa ukibaki kwenye mshale wa kwanza, wano limekatwa upogo au soketi iliyogundishwa ndani imekaa upande.

Upogo mdogo unatibika kwa msasa ulionyooshwa juu ya ubao: sugua kikomo cha wano ukilizungusha polepole mpaka pote pafikie. Soketi ni kazi zaidi. Kama iligundishwa kwa gundi ya kuyeyuka kwa moto, joto kidogo linaitoa. Lakini gundi hiyo hiyo ndiyo inayotusaliti huku. Acha podo juu ya dashibodi ya Land Cruiser saa saba mchana mwezi wa Oktoba, uje uone soketi inavyozunguka yenyewe. Mimi naomba wageni watumie gundi ya vipande viwili, ile ya kuchanganya, wamalize kazi hiyo kwao.

Chembe kimelegea, na jana kilikuwa kimekaza

Barabara. Toka Nangurukuru mpaka Liwale gari linacheza ngoma, na skrubu yoyote isiyoshikwa na kitu itafunguka. Kaza vyembe vyote kila asubuhi, kwa ufunguo wake na si kwa vidole, maana nimeshaona damu ya kidole mapema kuliko ya mnyama. Kidonge kidogo cha nta kwenye nyuzi za skrubu kinasaidia. Kuna na ringi nyembamba za mpira za kuweka kati ya chembe na wano. Ni nzuri, ila zikikauka zinapasuka, uwe na za akiba.

Mshale unapiga mluzi

Nyembe zenye matundu hufanya hivyo. Mnyama aliye mbali husikia na kuruka kabla mshale haujafika. Kaza kwanza, huenda wembe unacheza. Ukiendelea, badili aina.

Mshale umeingia shubiri moja ukasimama

Hapa ndipo pa kukaa, kwa sababu hapa ndipo mnyama anapotaabika na mtu anapohatarisha maisha.

Kwa swala pala au ngiri, karibu chembe chochote chenye makali kitapita. Ukifika kwa pofu, palahala, na zaidi nyati, hesabu inabadilika. Ngozi ni nene, mbavu za nyati ni pana na zimesogeleana kiasi kwamba kupenya bila kugusa mfupa ni bahati. Uliza maswali kwa mpangilio huu.

Je, chembe kilikuwa cha kukunjuka? Kufungua nyembe kunakula nguvu, na upana unaofunguka unaongeza msuguano. Kwa upinde mzito na mnyama mdogo vinafanya kazi safi, sibishi. Lakini niliwahi kufuata kongoni aliyepigwa kwa chembe cha namna hiyo, mshale umeingia kimshazari. Wembe mmoja ulifunguka kabla ya mwenziwe, mshale ukapiga teke, ukateleza juu ya ubavu chini ya ngozi. Tulitembea mpaka jua likazama tukampoteza. Na mnyama aliyejeruhiwa akapotea analipiwa kama aliyeuawa, hilo mgeni hugundua kwa uchungu. Tangu siku ile, mgeni akiniuliza kuhusu mnyama mkubwa, jibu langu ni chembe kigumu. Sijapata sababu ya kulibadili.

Je, mshale ulikuwa mwepesi? Chukua upinde mmoja. Mshale wa greni 400, kama gramu 26, tuseme unatoka kwa mita 90 kwa sekunde: nishati yake ni kama jouli 105. Mshale wa greni 650, gramu 42, utatoka polepole, tuseme mita 72: nishati kama jouli 109. Karibu sawa, ndiyo maana watu hudhani hakuna tofauti. Lakini momenta, yaani uzito mara mwendo, imepanda kutoka 2.3 hadi 3.0, zaidi ya robo. Mshale mzito ni kama lori lililobeba magunia: kulisimamisha ni kazi. Mmarekani Ed Ashby, aliyefanya majaribio ya mishale kwa wanyama wa Afrika Kusini miaka ya 1980, ndiye aliyeitia nguvu hoja hii, na greni 650 ni namba aliyoitaja kuwa mpaka wa kuvunja mifupa mizito. Unaweza kubishana naye kuhusu mambo mengine, ila hapo nyayo nilizofuata zinamuunga mkono.

Je, chembe kilikuwa kipana kupita kiasi? Upana unapendeza dukani. Chembe kirefu na chembamba, urefu mara tatu ya upana, hupanda mfupa taratibu kama gari kwenye mlima wa mzunguko; kile kifupi na kipana kinaugonga mlima uso kwa uso. Kwa mnyama mkubwa nachagua nyembe mbili. Zile tatu na nne zinafungua tundu zuri kwa wanyama laini, ila kila wembe ni msuguano mwingine.

Vipo vilivyonolewa upande mmoja tu kama patasi. Hivyo hujizungusha ndani ya nyama, na vikikuta mfupa huupasua kwa kuusokota. Vizuri sana, kwa sharti moja: upande wa makali ulingane na mzunguko wa manyoya. Manyoya yanazungusha mshale kulia, chembe kiwe cha kulia. Ukivigombanisha, kimoja kinafungua kile ambacho mwenzake anafunga, na mshale unasimama ndani kabla ya wakati.

Mwisho, je, mshale uliruka umenyooka? Unaoingia huku mkia unatikisika unatumia nguvu zake kujigonga kwenye kuta za tundu. Rudi kesi ya kwanza.

Ncha imejikunja au wembe umekatika

Okota kipande, kitazame. Ncha iliyojikunja kama ulimi wa kinyonga inasema chuma laini. Wembe uliokatika pakavu, kama sahani ya udongo, unasema chuma kigumu kupita kiasi. Porini hatuna mashine, tuna tupa. Pitisha tupa mpya ya duka la vifaa kwenye ukingo: ikiteleza kama juu ya kioo, chuma hicho ni kigumu, kitashika makali ila kinaweza kumeguka, na kukinoa utahitaji jiwe la almasi. Ikikwangua kirahisi kama inasugua msumari, kitajikunja. Unataka ile hali ya katikati, tupa inauma lakini kwa kuombwa.

Na tazama shina lake. Mengi ni alumini ili yawe mepesi. Alumini inapinda pale inapoungana na skrubu. Kwa nyati naomba shina la chuma cha pua au titani, au chembe kilichofuliwa kipande kimoja bila kiungo. Kipande kimoja kina faida nyingine ambayo mgeni haioni mpaka siku ya nne: kikipoteza makali, unakinoa. Vile vya nyembe za kubadilisha, nyembe zikiisha, vimekwisha, na za akiba ziko ng'ambo ya bahari.

Cha kukunjuka kimefunguka angani, au kimegoma kufunguka

Vya aina ya zamani hushikwa na ringi ya mpira. Jua la huku linaukausha mpira, unakatika upinde unapoachia, na mshale unakwenda unakotaka. Kilichogoma kufunguka mara nyingi kina mchanga au damu kavu kwenye bawaba. Osha, kausha, jaribu kwa kukisukuma kwenye kipande cha boksi. Kama upinde wako unavutwa kwa nguvu ya pauni 50 au chini, usihangaike navyo.

Mnyama amepigwa vizuri, damu hakuna

Kwanza, "vizuri" ilikuwa wapi? Wageni waliozoea kulungu wa kwao Marekani hupiga nyuma ya bega. Swala na nyati wetu wana moyo na mapafu mbele zaidi na chini zaidi, karibu baina ya miguu ya mbele. Pigo la nyuma ya bega kwa kongoni linaweza kuangukia ini. Fuata mguu wa mbele kwenda juu, simama theluthi ya chini ya mwili. Hapo kuna mifupa, ndiyo sababu nimepoteza muda wote ule kwenye chuma.

Pili, mshale ukiingia juu na usitoke upande wa pili, damu hujaa kifuani, haimwagiki njiani. Tundu la chini la kutokea ndilo linaloandika njia. Ukiona damu ya waridi yenye povu, ni mapafu, hatakwenda mbali. Nyeusi nzito ni ini, keti usubiri. Yenye majani na harufu ya uchachu ni tumbo, subiri zaidi, na aliye mbele awe mwindaji bingwa na bunduki yake, hasa kama mnyama ni nyati.

Tatu, makali. Chembe butu husukuma mishipa pembeni badala ya kuikata, na mshipa uliochanwa huganda upesi kuliko uliokatwa safi. Watu hutoa chembe kwenye pakiti wakidhani kimenolewa. Nilimpelekea mzee mmoja wa Kingindo, aliyewahi kufua vyembe na majembe enzi zake, chembe kipya cha mgeni, kinang'aa kama pete.

"Babu, hiki kinafaa?"

Akakiegemeza kwenye ukucha wa dole gumba, akakivuta kidogo. Kikateleza. Chembe kikali huuma ukucha, hakitelezi.

"Kinafaa kukorogea uji, mjukuu wangu."

Kipimo kingine: nyoosha mpira wa kufungia noti, uguse kwa wembe bila kusukuma. Ukikatika papo hapo, nenda. Ukihitaji kusugua, rudi kwenye jiwe. Na wembe uliotoka kwenye mchanga haurudi podoni kabla ya kunolewa, hata kama unaonekana mzima.

Kwa sisi kuna hoja ya ziada. Wafuatiliaji wengi ni Waislamu, wanataka kumfikia mnyama angali na roho ili wamchinje, kitoweo kiwe halali bila maswali. Mnyama aliyepigwa mapafu kwa makali safi huanguka ndani ya macho yako, mtu anakimbia na kisu akamwahi. Aliyepigwa butu anakutwa kesho, fisi wameshakula.

Kutu

Mgeni akipitia Kilwa au Lindi mjini siku mbili, chumvi ya bahari imeshafanya kazi yake. Kutu huanza kwenye ukingo, kwa sababu ndipo palipo pembamba zaidi, na huwezi kuiona bila lensi. Tone la mafuta ya cherehani kwenye kidole, pakaza, basi. Usitumie mafuta ya nazi. Yananukia, na swala hataki kujua kwamba umepika wali.

Mwaka jana kijana aliyekuja kunisaidia kambini alinipangia podo la mgeni mwenyewe, bila kuelekezwa. Vyembe vitano vya nyembe mbili, kipande kimoja, greni 200, vimepakwa mafuta, vyote vimezungushwa na kukazwa. Cha sita alikifunga kitambaa chekundu. Nikamuuliza hicho kimefanya nini.

"Kinatikisika, kaka. Nimekihamisha kwenye mishale mitatu, kote kinatikisika."

Tukakifanya cha gunia.